Wapimaji udongo wa Malindi mjini: nimewapa nyota nne, na sababu ndo hizi

Kama uko Malindi, Gede, Ganda, Mambrui ama popote huku kando ya mto Sabaki na unalima hata kama ni robo ekari, soma hii, manake naona watu wengi wanauliza wale vijana wa kupima udongo walio na kile chumba nyuma ya duka la pembejeo karibu na soko wako vipi, wanalipisha ngapi, na kama kweli wanajua wanachofanya ama wanauza maneno tu. Mi nimewatumia kwa shamba letu la nyumbani upande wa Ganda, na nimekaa na ripoti yao msimu mzima wa mvua za masika kabla sijaandika chochote, sikutaka kusifu kitu sijakiona shambani.

Bei kwanza ndo mjue. Sampuli moja ni elfu mbili, unatuma kwa M-Pesa, na ukitaka waje wachukue wenyewe unaongeza nauli ya boda kwenda na kurudi. Ukijichukulia mwenyewe ukawapelekea kwa mfuko huongezi kitu. Mi niliwaita waje, na nawashauri mfanye hivyo, kwa sababu nusu ya faida niliiona siku hiyo hiyo shambani kabla hata udongo haujafika maabara.

Sasa shamba letu liko hivi. Kuna la juu na la chini, katikati kuna njia ya miguu tu. Udongo ni ule ule wa kichanga tunaoujua sisi, ukiushika unapita vidoleni. La chini mamangu analima mwenyewe miaka yote, kunde, pojo, mihogo, mahindi kidogo katikati, na samadi ya mbuzi. La juu lilikuwa limekodishwa kwa mtu wa mahindi kwa miaka mingi, na yeye alikuwa na mtindo wake, kiangazi kikiisha anachoma kila kitu, trekta inapita na plau ya sahani, mbolea ya duka ya DAP kila msimu, mahindi juu ya mahindi, na mabua akivuna anayauza yote kwa wenye ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya, na ukipita njia hiyo utaona mashamba mengi yanalimwa hivyo hivyo. Aliporudisha shamba ndo tukataka kujua tumerudishiwa nini.

Kijana aliyekuja alimwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba mwanangu, alafu akaketi akauliza maswali mengi kabla ya kugusa jembe. Hapa mmepanda nini miaka ya karibuni, mbolea gani, mabua yanaenda wapi, mvua kubwa ikinyesha maji yanapita wapi. Akaandika yote kwa daftari. Ndo akaanza kutembea shamba kwa zigizaga huku na huku, kila pahali anaposimama anaondoa majani ya juu, anachimba hadi kama sentimita 20, anakata kipande chembamba cha ukuta wa shimo na kutia kwa ndoo ya plastiki. Alikwepa chini ya mwembe, akakwepa kichuguu, akakwepa pale palipokuwa na zizi la mbuzi zamani, akakwepa ukingo wa njia. Nilimuuliza mbona hata ndoo anachagua, akaniambia ndoo ya bati imepakwa zinki na ikiingia kwa udongo kipimo cha zinki kinadanganya. Mwisho akachanganya yote juu ya turubai, akagawa mafungu manne, akatupa mawili, akachanganya tena, hadi akabaki na kama nusu kilo. La juu mfuko wake, la chini mfuko wake, hakuchanganya kabisa. Ukiona mtu amekuja akachota udongo pahali pamoja hapo mlangoni akasema inatosha, mwambie arudi na pesa yako ibaki.

Alafu alitoa chuma chembamba kirefu, akakisukuma ardhini kwa mkono. Shamba la chini kiliingia karibu chote. La juu kikaingia kama shubiri moja na kikasimama tu, akasukuma na uzito wake wote hakiendi. Akatembea hatua kadhaa akajaribu tena, kikasimama pale pale. Akamwambia mama, "Hapa mama pana sakafu chini. Plau imekuwa ikipita kina kimoja kila mwaka, inalegeza ya juu na kuigandamiza ya chini, na tairi za trekta zinaongeza." Ndo akatueleza kwa nini mahindi ya yule bwana yalikuwa yananyauka jua likipiga wiki mbili tu, mizizi ilikuwa inafika pale inageuka kwenda pembeni, maji yaliyo chini haiyafikii, na mvua kubwa nayo ikija haizami, inateremka na udongo. Mamangu hakusema kitu, alienda akashika chuma akajaribu mwenyewe.

Kwa shamba la chini aling'oa mkunde mmoja, akaukung'uta taratibu, akatuonyesha vile vivimbe vidogo kwenye mizizi. Wengi tukiviona tunadhani ni ugonjwa. Akakipasua kimoja kwa ukucha, ndani ni chekundu kama nyama. Akasema hiyo rangi ndo dalili kwamba bakteria walio mle ndani wako kazini wanachukua naitrojeni ya hewani na kumpa mkunde, kikiwa cheupe ama kijani ndani basi hakuna kazi inayofanyika. Yaani mama alikuwa anatengeneza mbolea shambani kwake miaka yote hiyo na hakuna bwana shamba aliyewahi kuinama akamwonyesha. Kwa hili peke yake mi nilikuwa tayari nishawapa nyota mbili.

Sasa ripoti. Ilikuja kwa simu kama faili, karatasi mbili kwa kila sampuli. pH, yaani kipimo cha asidi, ikishuka ndo asidi imezidi, shamba la chini 6.3, la juu 5.2. Kaboni ya udongo, yaani ile sehemu iliyotokana na vitu vilivyooza, la chini 1.1 kwa mia, la juu 0.4. Fosforasi la juu ilikuwepo nyingi kuliko la chini, na hapo ndo nilishangaa nikawapigia, manake mahindi ya la juu yalikuwa yanatoka na majani ya zambarau na wote tunajua hiyo ni njaa ya fosforasi. Kijana akanieleza vizuri sana, na nataka niandike hapa alivyosema kwa sababu naona ndo kitu wakulima wengi wa huku hatujaelezwa.

DAP ni 18-46-0, yaani mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi kwa ile hesabu yao ya mfukoni, na potasiamu hakuna hata chembe. Ile naitrojeni iko katika hali ya amonia, na bakteria wa udongo wanapoigeuza kuwa naitreti wanaacha asidi. Mwaka mmoja huoni kitu. Lakini udongo wa kichanga hauna nguvu ya kuhimili asidi kama udongo wa mfinyanzi, na mvua zetu za mwezi wa tano zinaisukuma ile naitreti chini kabla mmea haujaitumia yote, asidi inabaki juu, msimu baada ya msimu. Sasa pH ikishashuka hivyo, fosforasi unayotia inashikwa na chuma na aluminiamu iliyo kwa udongo, iko pale lakini mmea hauwezi kuichukua. Kwa hiyo yule bwana alikuwa anaongeza DAP kwa sababu anaona dalili za kukosa fosforasi, na DAP yenyewe ndo inaifunga ile iliyopo. Na mahindi nayo hayaondoki mikono mitupu, gunia moja la kilo 90 linatoka shambani na zaidi ya kilo moja ya naitrojeni, na ukiuza na mabua basi umeuza na potasiamu, kwa sababu potasiamu nyingi ya mhindi iko kwa bua na majani, punje ina kidogo.

Kuhusu kuchoma nilimbana sana kwa sababu wazee wetu wamechoma na wamekula. Hakuwadharau. Alisema jivu kweli linatia potasiamu na kalsiamu na linapandisha pH kwa muda, ndo maana mwaka wa kwanza baada ya kuchoma mazao yanapendeza, na zamani mtu alikuwa anachoma, analima miaka michache, anahama anaacha pori lirudi. Shida ni kuchoma pale pale kila mwaka. Naitrojeni na salfa ya yale majani inakwenda na moshi, na kile kingeoza kikawa kaboni ya udongo hakipo tena, na jivu lenyewe ni jepesi, mvua ya kwanza yenye kasi inalikokota hadi kwa jirani. Kwa mchanga kama wetu kaboni ndo kila kitu, manake mchanga wenyewe haushiki maji wala mbolea, kinachoshika ni ile mboji. Ukitia mbolea ya duka kwenye mchanga usio na mboji ni kama kumimina maji kwenye kifuu kilichotoboka.

Ushauri walioandika kwa shamba la juu ulikuwa mfupi na ndo nilipenda. Acha DAP kwa sasa. Tia chokaa ya shamba ya kupunguza ile asidi, kiasi walichoandika, mapema kabla ya mvua, ichanganywe na udongo. Usiite plau, ita mtu wa kupasua mistari kwa lile jembe la meno linalofika chini ya ile sakafu, ama kama huna pesa chimba mashimo marefu kwa mkono ya kupandia. Samadi iliyooza kila shimo viganja viwili. Mbolea ya kukuzia CAN, lakini igawe mara mbili, mahindi yakiwa magoti alafu tena karibu na kutoa mbelewele, kwa sababu ukimwaga yote mara moja kwa mchanga mvua itaipeleka. Mabua yalale chini kwa mistari inayokata mteremko. Na kunde katikati ya mahindi, ama kunde msimu wa vuli peke yake.

Kilichonigusa ni kwamba hawa watu wako nyuma ya duka linalouza DAP, na waliniandikia nisinunue. Kuna duka jingine hapa mjini silitaji, ukiingia tu hata hujasema unalima wapi wanakuwekea mfuko juu ya kaunta na chupa ya mbolea ya majani na kitu cha kuongeza mizizi. Tangu serikali ishushe bei ya mbolea ya ruzuku hadi 2,500 mfuko mwaka 2023 watu wanachukua inayopatikana bila kuuliza inafaa udongo gani, na baada ya ile kelele ya mbolea feki ya 2024 wengine wamekata tamaa na mbolea zote kwa jumla. Bila kipimo hujui kama mazao yamekataa kwa sababu mfuko ni feki ama kwa sababu udongo wako umeifunga mbolea halali. Elfu mbili ni chini ya bei ya mfuko mmoja hata ule wa ruzuku. Fanya hesabu mwenyewe.

Na samadi pia walitusahihishia, hii wengi itawafaa. Mama alikuwa anairundika nje juani, na kila mtu kwetu anafanya hivyo. Ile harufu kali inayokukata pua ukipita ni amonia inatoka, yaani ni naitrojeni yako inakwenda hewani, na mvua ikinyesha juu ya rundo inaosha potasiamu. Sasa tumeihamisha chini ya mkorosho, tumeifunika na makuti, tunaigeuza, na inapooza joto lake linaua na mbegu nyingi za magugu. Ya kuku msiitie mbichi kabisa, inaunguza miche.

Matokeo sasa. Sitawadanganya kwamba shamba la juu limegeuka. Kaboni haipandi kwa msimu mmoja, hata wao waliniambia usipime tena hadi miaka miwili mitatu ipite. Lakini msimu huu majani ya zambarau yalikuwa machache sana, kwa mistari tuliyopasua mahindi yalistahimili lile jua la katikati ya mvua ilhali kipande tulichoacha bila kupasua yalijikunja kufikia saa nne asubuhi, na pesa ya mbolea imepungua kwa sababu tumenunua CAN tu. Chokaa ilitugharimu usafiri zaidi ya chokaa yenyewe, hilo mjipange, kwa sababu huku haipatikani kila duka na ni mzigo mzito. Mabua tuliyolaza mchwa wamekula sehemu, mama alilalamika sana, ila kijana alisema mchwa anayekula bua chini anaacha mahindi yaliyosimama, na kwetu msimu huu imekuwa hivyo, sijui misimu mingine itakuwaje. Na ile mistari ya mabua imeshika udongo, baada ya mvua kubwa ya mwezi wa tano ungeona upande wa juu wa kila mstari umejaa mchanga laini uliozuiwa pale, usawa wa kidole. Zamani huo wote ulikuwa unaingia mtaroni.

Hapa niseme kitu kimoja kwa sababu kinaniuma. Sote tunajua bahari ya Malindi inavyokuwa rangi ya chai ya maziwa Sabaki ikifurika, watu wa hoteli wanalalamika, wavuvi wanalalamika. Ile si takataka ya mto, ni mashamba ya watu, kuanzia huko juu Ukambani hadi hapa kwetu. Kuna watafiti walichunguza tumbawe moja kubwa la hapa kwetu, limeishi kama miaka 300, matumbawe yana pete za miaka kama mti, na ndani ya pete wakapima bariamu ambayo inakuja na udongo wa mto. Matokeo yalitoka 2007. Kwa miaka mingi sana kiwango kilikuwa chini na kimetulia, alafu mwanzo wa karne ya 20, wakati mashamba ya walowezi yalipoanza kufunguliwa kule juu na matumizi ya ardhi kubadilika, kikaanza kupanda. Hifadhi ya bahari tuliwekewa 1968, lakini hifadhi haiwezi kuzuia udongo unaotoka kwa mashamba. Mstari wa mabua unaweza kuzuia kidogo, na kila shamba likizuia kidogo ni udongo mwingi.

Nyota moja niliyoinyima ni kwa mambo haya. Ripoti ni ya Kizungu yote, majedwali matupu, na kama sio kupiga simu mamangu asingeelewa hata neno moja, na ndiye anayelima. Jamani tafsirini, wateja wenu wengi ni kina mama wa Ganda na Kakuyuni na Jilore, andikeni Kiswahili, na pale pH ipo chini semeni tu udongo umekuwa mkali. Pili walichelewa, waliahidi wiki mbili ikapita, na sisi tulikuwa tunaangalia mawingu. Wanasema karibu na mvua maabara ya Nairobi inajaa, sawa, basi waambieni watu mapema. Tatu, maji ya kisima hawapimi ndani ya ile elfu mbili, ni malipo tofauti, na hawakunitajia hadi nilipouliza. Kwa watu wa Mambrui na Watamu wanaomwagilia kwa visima vya karibu na bahari hilo ni jambo la kwanza kuulizwa, chumvi inajikusanya kwa udongo kidogo kidogo, mboga inaungua kingo za majani na mtu anadhani amekosa mbolea anaongeza tena, na mbolea nayo ni chumvi.

Kwa wanaolima ukingoni mwa Sabaki kwa pampu, kule udongo ni mwingine, ni tope la mto na mfinyanzi, msichukue ushauri wa shamba letu mkautumia, pimeni wenu. Na wa Lamu mnaouliza, niliwauliza kwa niaba yenu, wanapokea sampuli za Hindi na Mpeketoni kwa basi. Ila lazima mchukue wenyewe, basi fuateni nilivyoeleza hapo juu, ndoo ya plastiki, kina sentimita 20, sehemu nyingi mchanganye, anikeni kivulini hadi ukauke sio juani, andikeni jina na simu kwa karatasi mtie ndani ya mfuko wa pili sio pamoja na udongo, wino unafutika. Msichukue kama mmetoka kutia mbolea juzi.

Nendeni kuanzia mwezi wa kwanza, mwisho wa pili, kabla watu wote hawajaamka. Asubuhi ndo nzuri, mchana yule kijana anayejua kueleza huwa mashambani na anayebaki kaunta ni wa kupokea pesa tu. Na ukienda mulize akuonyeshe kile chuma, mwambie aje nacho.